Tangawizi ya Mwakirunge na Tanuri la Pili

Siku niliyostaafu, binti aliyerithi meza yangu aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza habari za mashine mpya wala za mafaili. Aliuliza kwa nini kila tanuri la pale maabara lina vipimajoto viwili, kimoja cha mlangoni kilichotoka nalo kiwandani na kingine cha kioo kilichofungwa kwa waya ndani, na kwa nini daftari lina safu mbili za kujaza joto lilelile. Nilimwambia ni kwa sababu ya uzee wangu. Akacheka, nikaenda zangu. Halikuwa jibu la haki. Jibu lenyewe ndilo hili, kwake yeye na kwenu nyote mliobaki, na litaanzia mbali kidogo kwa kuwa sasa muda ninao.

Niliingia maabara ile ya Changamwe nikiwa msichana wa Utange mwenye cheti cha ufundi na viatu vya kuazima. Jengo lilikuwa nyuma ya barabara ya Magongo, limebanwa kati ya ghala la matairi na uwanja wa malori. Lori likipita, namba za mizani zilicheza kama zina homa. Kwa hiyo jambo la kwanza nililojifunza katika sayansi ya kemia lilikuwa kusubiri lori lipite. Wengine walijifunza hayo chuoni kwa majina makubwa zaidi.

Aliyenipokea ni Bwana Mutiso, mtu wa Machakos aliyeteremka Pwani kutafuta kazi bandarini akaishia kwenye viungo. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti lake jeupe lilikuwa na madoa ya manjano ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Asubuhi ile hakunionyesha mashine yoyote. Aliniwekea sinia mezani, akaniambia nifumbe macho.

"Nusa, kisha useme ni nini."

Tangawizi niliijua. Manjano niliyajua. Iliki, nani asiyeijua? Cha nne kilinishinda. Kilikuwa na ukali wa tangawizi lakini kama kimepakwa karafuu na dawa ya kifua.

"Hulinjani," akasema. "Ile mizizi myekundu ya dukani, ya kutafuna mtu akikauka koo. Sasa fumbua macho. Hawa wote wanne ni ndugu. Hata iliki, ambayo sisi twala mbegu yake na kuusahau mzizi. Ukoo mmoja, na kila mmoja ana tabia zake. Kazi yako hapa ni kuzijua tabia."

Miaka ile ya mwanzo tulitenganisha viungo kwa bamba la kioo lililopakwa unga mweupe. Unadondosha tone la juisi karibu na ukingo wa chini, unalisimamisha bamba katika spiriti kidogo, na spiriti ikipanda hubeba kila kitu hadi pale kinapochokea. Manjano hujipanga mistari mitatu yenye rangi yake yenyewe, nayo ndiyo kurkumini na wadogo zake wawili. Tangawizi haionekani mpaka uipulizie dawa na kuipasha moto. Ndipo jinjeroli zinapojitokeza, na juu yake, ikiwa tangawizi imekaa au imeona moto, shogaoli. Baadaye ilikuja mashine inayofanya kazi hiyo yenyewe na kuchora vilima kwenye karatasi. Nakubali ni bora. Ila bamba lilikuwa na faida moja: likikosea, ulikosea nalo macho kwa macho.

Kipimo walichokipenda wageni ni kile cha zambarau. Kuna unga mweusi ambao ukiuyeyusha kwa spiriti hugeuka zambarau nzito, kama zambarau hasa za kula. Ukitia juisi ya tangawizi, rangi inafifia hadi njano hafifu. Kadiri inavyofifia ndivyo tunavyosema kiungo kina nguvu ya antioksidanti. Mafuta yakiachwa wazi huchacha, na vitu vinavyochelewesha kuchacha kwa namna hiyo ndivyo vyenye jina hilo. Iliki katika kipimo hiki ni mvivu, utajiri wake uko kwenye harufu. Hulinjani ni mchapakazi. Manjano yana nguvu, lakini yanasumbua kwa sababu yanakuja na njano yake yenyewe, kwa hiyo lazima uweke chupa nyingine isiyo na zambarau ili uitoe rangi hiyo katika hesabu. Nimeona vijana watatu, wenye shahada, wakiisahau chupa hiyo.

Wageni walikuwa wakiona zambarau ikififia wanauliza kama basi tangawizi yaponya sukari, au presha, au saratani. Bwana Mutiso alikuwa na jibu moja. "Sisi tumepima chupa. Mwili wa mtu haujaletwa hapa." Wengi waliondoka wamenuna.

Jambo la mwisho la kemia, kisha nitawaacha. Jinjeroli ni ya tangawizi mbichi. Ikipata joto hupoteza maji kidogo na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi ulimini. Ndiyo maana tangawizi kavu huwasha kuliko mbichi, jambo ambalo kila muuza kahawa wa Kisauni alilijua kabla ya mashine zetu. Na shogaoli nayo huifuta zambarau vizuri sana. Kwa hiyo tangawizi iliyounguzwa kidogo yaweza kuonekana hodari kuliko iliyotunzwa. Shikeni hapo.

Bwana Mutiso alistaafu akarudi Machakos kufuga kuku, na kazi ya kukausha na kuandaa sampuli ikabaki kwangu. Meneja wetu wakati huo alikuwa Bwana Wekesa, mtu mwenye haraka lakini si mbaya. Kiwanda kimoja cha chai ya viungo kilituletea kazi ya kupima ukoo mzima: tangawizi za sehemu mbalimbali, manjano, hulinjani na iliki. Walitaka kuchagua wakulima wa kununua kwao. Kwa upande wa tangawizi walikuwa na sharti lao. Waliitaka iliyokaushwa taratibu, jinjeroli nyingi na shogaoli kidogo, ili ukali waupange wao wenyewe kiwandani.

Sampuli ya mwisho ililetwa na mama mmoja kwa mkono wake. Alijitambulisha kwa jina la Kadzo, kutoka kikundi cha akina mama wa Mwakirunge. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, amevaa vitenge viwili visivyofanana, na tangawizi yake ilikuwa katika kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe kama mkate wa kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo yetu. Twailima kwenye magunia, chini ya minazi, twainyeshea kwa maji ya kisima."

Nilimuuliza waliikausha vipi. Macho yake yakachangamka.

"Kwa kichanja. Kule kwetu kuna vumbi la machimbo, na upepo ukigeuka waja moshi wa jaa la taka. Nikasema hii haitalala chini. Nikainua kichanja hadi kifuani, nikaweka wavu juu na makuti pembeni. Mimi ndiye niliyegeuza kila kipande. Haijaona moto hii, wala jua kali."

Niliyaandika hayo chini ya "maelezo ya mleta sampuli". Maneno hayo kwa lugha yetu ya kazini maana yake ni kwamba tumesikia.

Sampuli zote kavu tulizipitisha kwanza kwenye tanuri la joto dogo, nyuzi arobaini, toka Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi, ili zilingane unyevu kabla ya kusagwa. Tanuri la kwanza lilikuwa limejaa tangawizi za wengine. Ya Mwakirunge nikaiweka kwenye tanuri la pili, pamoja na sinia la iliki. Mlangoni palisomeka arobaini. Nikaandika arobaini, nikaenda nyumbani.

Jumatatu aliyenionyesha, nami nisione, alikuwa Bi Zuhura. Yeye alikuwa mfanyakazi wetu wa usafi, mwenyeji wa Kisauni katika familia ya zamani ya Mvita, na alikuwa akipika biriani za harusi tangu kabla sijazaliwa. Alisimama mbele ya sinia la iliki, akainama.

"Dama, hii iliki mwaikaangia nini?"

"Haijakaangwa, Bi Zuhura. Imekaushwa tu."

"Imekufa hii, wallahi. Haina roho."

Nilimwambia labda ni iliki ya daraja la chini. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa chumvi si chumvi, akaendelea kupiga deki.

Majibu yalitoka. Tangawizi ya Mwakirunge ilifuta zambarau kuliko tangawizi zote. Bwana Wekesa alifurahi, akaniita niione karatasi ambayo mimi ndiye niliyeichapa. Lakini vilima vya mashine vilikuwa na habari nyingine: shogaoli imepanda juu, jinjeroli imeshuka. Nikaandika kwamba sampuli ina dalili za kukaushwa kwa joto kali. Nikatia sahihi. Kiwanda kikaikataa, na mimi nikafungua kazi inayofuata. Sikulala vibaya hata siku moja, na hilo nalitaja kwa sababu watu hudhani kosa lina namna ya kukujulisha.

Zilipita wiki kadhaa. Mama Kadzo akaja tena, safari hii bila kikapu. Nilimkaribisha kiti, akakikalia pembeni.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuuliza. Hiyo mashine yaweza kusema uongo?"

"Mashine haisemi uongo, mama."

"Haya."

Kisha akaeleza, kwa sauti ile ya mtu anayesimulia habari za jirani. Karatasi yetu ilisomwa kikundini. Waliposikia "joto kali" walimgeukia yeye, kwa kuwa kichanja kilikuwa chake. Wiki ile ya kukausha kulikuwa na matanga Kaloleni, ya ndugu yake. Wakasema aliiweka tangawizi juu ya moto ili awahi matanga. Wamemwondoa kwenye kazi ya kukausha. Wengine hawamwitikii salamu njiani.

"Nami sasa nimeanza kujiuliza," akasema. "Usiku nahesabu siku moja moja. Labda iko siku niliisahau juani. Labda nilichanganyikiwa na msiba. Mtu aweza kufanya jambo asilijue, sivyo?"

Nilimjibu kwamba hutokea. Nataka mlisome hilo sawasawa. Mama alikuja kuniuliza kama ana akili zake timamu, nami, nikiwa na koti jeupe na kalamu mfukoni, nikamwambia hutokea. Akanishukuru, akaondoka.

Siku chache baadaye nilihitaji iliki kidogo kwa kazi nyingine. Nikaenda kwenye kabati la akiba, ambako tunahifadhi fungu la kila sampuli kama lilivyoletwa, kabla ya tanuri. Nikafungua mfuko wa iliki ileile. Harufu ilinipiga usoni hadi nikarudi nyuma. Ilikuwa iliki nzuri, ya daraja la juu kabisa. Nikachukua ile iliyopita tanurini, nikanusa. Ilikuwa kama maganda ya karanga.

Nilisimama pale na mfuko huku na mfuko kule. Iliki ile ilikaa kwenye sinia lililokuwa chini ya lile la tangawizi ya Mwakirunge. Nikaenda kwenye tanuri la pili, nikaliweka nyuzi arobaini, nikapachika ndani kipimajoto cha kioo tulichokuwa tukitumia kwa maji. Nikavuta kiti. Mlangoni pakasomeka arobaini, pakatulia hapo kwa utii. Kipimajoto cha kioo kikapita arobaini, kikapita sitini, kikaja kusimama karibu na tisini. Kidhibiti joto kilikuwa kimekwama, na kipimajoto cha mlangoni kilikuwa kikisoma kile kilichoagizwa, si kile kilichomo.

Nilitoa tangawizi ya Mwakirunge kwenye kabati la akiba, nikaianza upya kwa tanuri la kwanza. Jinjeroli ilikuwa tele. Shogaoli ilikuwa kidogo mno. Zambarau ilififia kwa wastani tu, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahia namba ndogo. Mama yule alikuwa ameikausha vizuri kuliko wote walioleta.

Nilimpigia simu Bwana Mutiso. Nilisikia kuku nyuma yake. Nikamweleza tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mwenye tangawizi umeshamwambia?" akauliza.

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Basi umeanza vibaya," akasema, akakata simu.

Bwana Wekesa aliposikia alikaa kitako, akazungusha kalamu. Hakukasirika. Alipendekeza tutoe ripoti mpya yenye maneno "kufuatia uchambuzi zaidi", tuitume kwa njia ya kawaida, mambo yaishe.

"Uchambuzi zaidi haukumfukuza mtu," nikamwambia. "Aliyemfukuza ni mimi. Na wale wenzake hawasomi mstari wa chini wa ripoti. Walisoma neno moja tu."

"Dama, ukienda kusema mbele za watu kwamba tanuri letu ni bovu, kesho nani ataleta sampuli hapa?"

"Sijui."

Alitazama dirishani kwa muda. Lori lilipita, vioo vikatetemeka. Kisha akavuta karatasi, akaandika barua kwa mkono wake, bila "uchambuzi zaidi" ndani yake, akanipa na gari la ofisi. Kwa hilo namheshimu hadi leo. Ya kiwanda niyamalize hapahapa: walijibu kwa adabu kwamba nafasi ya tangawizi ilikwisha kujazwa. Msimu uliofuata walichukua mzigo wa Mwakirunge kwa kujaribu, na wakaendelea. Lakini mwaka ule wa kwanza akina mama waliuza kwa wapita njia na kwa wapika chai, na magunia mengine waliyamwaga wakapanda mchicha. Hilo halikurudi, na hakuna barua iliyolirudisha.

Akina mama wa kikundi walikutana Alhamisi iliyofuata barua hiyo, alasiri, katika kanisa la mabati, si mbali na machimbo. Nilikuta wanawake kama thelathini kwenye mabenchi. Mama Kadzo alikuwa benchi la pembeni, peke yake, ingawa mengine yalikuwa yamebanana. Mwenyekiti wao alinikaribisha. Nikasoma barua ya Bwana Wekesa kwa sauti, kama nilivyozoea kusoma majibu, na nilipomaliza niliona nyuso ambazo hazijaelewa kitu. Nikaikunja.

Nikasema tena kwa maneno yangu. Kwamba tangawizi ilifika kwetu ikiwa nzima. Kwamba tuliiweka kwenye tanuri bovu, siku tatu, na sikukagua. Kwamba iliki iliyokuwa humo nayo iliharibika vilevile, na hapo ndipo nilipotambua.

Mwanamke mmoja wa mbele akauliza, "Kwa hiyo Kadzo hakuiweka motoni?"

"Hakuiweka. Aliyeiweka motoni ni mimi."

Nje nyundo za machimbo zilikuwa zikigonga, moja baada ya nyingine. Nilidhani Mama Kadzo atalia, au atanitukana, na kwa yote mawili nilikuwa nimejiandaa njiani. Alisimama, akatengeneza kitenge chake.

"Rudia," akasema.

"Mama?"

"Rudia, na upaze sauti. Bibi Mbodze amekaa kule nyuma, masikio yake ni mazito. Na yeye ndiye aliyenisema kuliko wote."

Watu wakageuka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwako mzee mmoja mwembamba aliyeshika fimbo kwa mikono miwili. Nikarudia. Safari hii nilisema kwa Kigiriama, polepole, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya machimbo: tangawizi ilikuwa nzuri, Kadzo aliitunza, aliyeiunguza ni mimi Dama. Bibi Mbodze aliweka kiganja nyuma ya sikio akasikiliza hadi neno la mwisho. Alijiinua kwa fimbo yake, akapita katikati ya mabenchi taratibu, watu wakivuta miguu kumpisha, akaenda kuketi karibu na Kadzo.